Adabu za Areeba

Nyevu alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na kwa kazi hiyo alikuwa ameshika mabega ya watoto wa mtaa wa Tudor, Mombasa, wengi mno. Mtoto akiletwa dukani, humsimamisha karibu na mlango penye mwangaza, akampitishia tepu kifuani na mgongoni, huku akimuuliza jina la mwalimu wake ili asichezecheze. Kwa watoto wa miaka sita hakuhitaji hata kupima. Aliwatazama tu, akakata. Lakini jioni aliyokaa kumshonea mwanawe mwenyewe gauni, mkasi ulimkaa mkononi asijue aanzie wapi. Hakuwa amemshika mabega yule mtoto tangu angali wa kubebwa. Mwisho alikata kwa kukisia, kwa kipimo cha watoto wa watu.

Gauni lilibana makwapani. Areeba alilivaa asilalamike. Alisimama katikati ya ofisi ya afisa wa watoto, mikono imeachana kidogo na mbavu, akasema, "Zuri. Ahsante, anti."

"Limekubana, mwanangu?"

"Halijanibana."

"Hebu inua mkono."

Mtoto akainua, uzi wa kwapani ukalia. Akaushusha mkono upesi, akamtazama Nyevu kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mwenyeji wake aliyemwaga chai. "Si kitu," akasema.

Kisa cha kutengana kwao hakikuwa na mtu mbaya ndani yake, na pengine ndiyo maana kilimchosha Nyevu kukieleza. Yeye ni Mduruma wa Mazeras, aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, akaolewa Mji wa Kale na Taher, ambaye babu zake walitoka Bara Hindi wakafungua duka la vitambaa kwenye barabara ya Ndia Kuu. Dukani humo ndimo walimojuana, yeye akija kununua zipu na vifungo, Taher akimpunguzia bei hata kabla hajaomba. Wakwe walinuna, kisha wakazoea. Areeba akazaliwa. Alipokuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno, Taher aliamka asubuhi moja akilalamika kichwa, na kabla wiki haijaisha alikuwa amezikwa.

Nyevu alikalia eda katika chumba cha juu cha nyumba ya wakwe. Watu walimsifu kuwa ni mjane mwenye staha, hasemi, halii, hachungulii dirishani. Kumbe mwenyewe alikuwa ameshaondoka zamani, kilichokaa pale ni mwili tu. Eda ikaisha, akaogeshwa, akavishwa nguo nyingine, naye akarudi kuketi palepale. Chakula kililetwa kikaondolewa kama kilivyo. Mtoto alipolia alimtazama kama anayemsikiliza mtoto wa jirani. Ikasemwa ni pepo, ikasemwa ni kijicho. Kukafukizwa, kukasomwa. Mwishowe mama yake alishuka kutoka Mazeras akamchukua, akampeleka hospitali, na daktari akasema haya ni maradhi yenye jina na yenye dawa, ila huponywa taratibu.

Siku hiyo ya kuondoka, Shahnaz, dada yake Taher, alisimama kwenye ngazi amempakata Areeba. Shahnaz hakujaliwa mtoto, na ndoa yake ilivunjika kwa ajili hiyo. Aliuliza, "Wifi, na huyu je?" Nyevu akajibu, "Mchukue."

Neno hilo Nyevu hakulikumbuka. Alikumbuka ngazi, alikumbuka harufu ya ubani iliyoganda kwenye kuta, lakini neno lenyewe halikuwamo kichwani mwake. Shahnaz alilikumbuka. Mama yake Nyevu alilikumbuka. Wote wawili walikuja kulisema mbele ya hakimu, bila chuki, kwa kuwa lilikuwa kweli. Mwaka uliofuata Shahnaz alikwenda mahakamani akapewa ulezi wa kisheria, maana shule ilitaka mtu wa kutia sahihi, na mama wa mtoto hakuwa katika hali ya kutia sahihi yoyote.

Kupona kulikuja kwa hatua ndogo mno hata hakujua ni lini kulianza. Siku moja alisikia njaa. Siku nyingine alikasirika, na mama yake akashukuru Mungu kumwona amekasirika. Baadaye akarudi mjini, akapata kazi ya cherehani, akapanga chumba Tudor chenye dirisha kubwa na choo chake. Alipoona muda mrefu umepita na maradhi hayajamrudia, alifunga mtandio akaenda Ndia Kuu kumtaka mwanawe.

Shahnaz alimkaribisha vizuri, akampa chai ya maziwa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kumwona sikukatazi, wifi," alisema. "Nyumba hii ni yako. Lakini kumtoa, hapana. Ukiugua tena, yule mtoto nitamwambia nini? Ulimwacha hata 'maji' hajui kuyataja sawasawa. Mimi ndiye niliyemfunza."

"Nimepona."

"Mungu akuzidishie. Naye akikua atakuja mwenyewe kwako, hataulizwa na mtu."

Nyevu akaweka kikombe chini kabla hajakimaliza. Wiki hiyohiyo alitafuta wakili.

Wakili aliyempata aliitwa Truphosa, mwanamke wa bara mwenye mwili na vichekesho, aliyesimamia kesi za kina mama wasio na uwezo kupitia shirika moja la msaada wa sheria. Miaka yake ya Mombasa ilikuwa imeshamlainisha Kiswahili. Alipeleka maombi, na hakimu wa mahakama ya watoto akaamuru uchunguzi ufanywe: afisa wa watoto awaone mama na mtoto wakiwa pamoja ofisini kwake, kisha amtembelee mtoto huko anakoishi, aandike alichokiona. Afisa mwenyewe ni Bramwel, kijana mtaratibu aliyehamishiwa pwani juzijuzi. Hakuwa mtu wa kupuuza kazi. Kila walipokutana aliketi pembeni na kalamu yake, akatazama.

Na alichokitazama ni hiki. Areeba alipoletwa, alivua viatu mlangoni akavipanga. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Nyevu, akaushika mkono wake, akaubusu.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha huketi kitini, magoti pamoja. Akiulizwa hujibu. Shule ni nzuri. Madrasa ni nzuri. Rafiki yake anaitwa Fairuz. Siku moja Nyevu alikuja na kaimati ndani ya bakuli, bado zina moto, sukari inang'aa juu yake.

"Kula, mwanangu."

"Ahsante, nimeshiba."

"Moja tu, unifurahishe."

Hapo mtoto aligeuza uso kuelekea mlangoni, ambako Shahnaz alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini. Macho yao yakakutana, kitambo kidogo sana. Ndipo Areeba akachukua kaimati moja, akaila kwa ncha za vidole bila kudondosha hata chembe, akasema alhamdulillahi, akarudisha mikono mapajani.

Bramwel akaandika.

Nyevu aliijua ile adabu. Na yeye alifunzwa hiyohiyo, tena kwa kofi. Nyumba za watu hatuli mpaka mama atupe jicho. Nyumba za watu hatusemi tunataka. Mtoto wa kwao hudondosha adabu zake njia nzima akiwa anarudi nyumbani, na ukimwona kazishika zote kwa pamoja, jua yuko ugenini.

Saa yao ilipokwisha, Shahnaz alimchukua, na kabla hawajafika mwisho wa ukumbi Nyevu alisikia sauti ambayo hakuwahi kusikia ndani ya ile ofisi.

"Nibebe!"

"Umeazima miguu wewe? Tembea."

"Sitaki! Nibebe, nibebe!"

"Punda mkubwa mzima. Haya, panda. Ukinivunja mgongo utanisukuma kwa kigari."

Kikafuata kicheko cha mtoto, kikubwa, cha kupaliwa. Nyevu alikaa na bakuli lake mpaka kaimati zikapoa.

Ripoti ilipotoka, Truphosa alimwita ofisini. "Keti. Keti kwanza. Leo mimi ndiye ninayekununulia soda." Akavaa miwani akaanza kusoma kwa sauti ya kujisikia raha. Mtoto alimsalimu mama mzazi kwa heshima kubwa. Alijibu maswali yote kwa utulivu, akapokea chakula kwa adabu, hakuonyesha woga wala ukaidi. Nyumbani kwa mlezi, hata hivyo, mtoto alisukuma sahani ya chakula alichopikiwa, akamwambia mlezi kuwa hamtaki, na alipoitwa hakuitika. Mlezi hakumrudi. Uhusiano wao unaelekea kuwa na mvutano. Inapendekezwa ulezi urejeshwe kwa mama mzazi.

Truphosa akavua miwani. "Umesikia? Mimi hizi huzisoma kila siku, na nusu yake hunitia tumbo joto. Hii ni ya kuwekwa kwenye fremu."

"Alisukuma sahani?" Nyevu akauliza.

"Ndivyo anavyosema."

"Ya chakula gani?"

"Ya chakula gani! Sijui, wali, mbaazi, nitajuaje? Nyevu, tunashinda, mama."

Nyevu alijaribu kufurahi. Alishuka ngazi za ofisi ile akijiambia, nitampata, nitampata, na kila akijiambia alimwona Areeba akisukuma sahani. Mtoto hasukumi sahani ikiwa hana hakika kuwa italetwa tena. Mbele ya mamake Areeba alishika kaimati kwa ncha za vidole, na kwa Shahnaz anasukuma.

Dukani alimweleza Dama, fundi mwenzake, Mgiriama mwenye watoto wanne na ulimi wa kutosha watu kumi.

"Sasa walia nini?" Dama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Umeshinda, walia. Ungeshindwa ungefanya nini, ungetambika?"

"Yule mtoto ananionea haya, Dama. Hiyo adabu si nzuri."

"Mie wanangu wakiwa na adabu nawapima homa."

"Basi si umeelewa."

"Nimeelewa mimi. Hakimu asielewe. Shoga, hebu nisikize. Wewe nyamaza, umchukue mwanao, umlete hapa, mie mwenyewe nitamfunza utundu kwa siku mbili." Akakata uzi kwa meno. "Watu wanatafuta bahati kama hiyo kwa kutoa sadaka."

Nyevu akacheka, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Chumba cha mahakama ya watoto ni kidogo, hakina watu wa kuja kutazama. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alisoma ripoti yote, ukurasa baada ya ukurasa, huku feni ikizunguka. Halafu Shahnaz akaomba kusema. Alisimama katika buibui lake jeusi, mikono ameifumbata.

"Mheshimiwa, yule mtoto ananidekea. Mtoto hamwambii 'sikutaki' mtu asiyemtaka."

"Afisa anasema ulimwita hakuitika."

"Akiwa anacheza haitiki. Haitiki mpaka nimtaje na jina la babu yake."

Karani alicheka chinichini. Hakimu hakucheka. "Mama, hapa kila anayetaka kubaki na mtoto huniambia utundu ni mapenzi, na anayetaka kumchukua huniambia utundu ni mateso. Mimi naongozwa na aliyetumwa kutazama."

Shahnaz akabaki amesimama. Nyevu aliuona uso wake umelegea ghafla kama wa mtu mzima aliyepotea sokoni. Alikuwa akifanana na Taher, kwenye nyusi.

"Mama mzazi," hakimu akasema, "una la kuongeza kabla sijaandika?"

Truphosa akamgusa mkono. "Sema huna," alinong'ona.

Lilikuwa neno fupi tu. Sina. Nyevu aliwahi kusema neno fupi siku moja kwenye ngazi, likampotezea mtoto, na hakulikumbuka mpaka leo. Hili angelikumbuka. Angelikumbuka kila mara Areeba atakapokaa kitako mezani kwake na kusema ameshiba.

Akasimama. "Mheshimiwa, asemayo wifi yangu ni kweli."

Kalamu ya hakimu ikatua. Truphosa akafumba macho.

"Kweli ipi?"

"Mtoto anamdekea yeye. Mimi ananisalimu kama jirani. Kwetu sisi, mtoto akikubusu mkono, akakaa kitako, akakwambia ameshiba naye hajala, basi hajakuona kuwa wewe ni wake. Bwana afisa ameandika alichokiona, hakuongeza. Lakini hiyo adabu siwezi kujivunia."

Bramwel akainua mkono akapewa ruhusa. "Mheshimiwa, kwetu mtoto akimsukumia mlezi sahani, ni jambo la kuitiwa wakubwa. Niliandika kwa nilivyolelewa." Akaketi, akafunga faili lake taratibu.

Hakimu alimgeukia Nyevu. "Unaelewa kuwa unajiharibia kesi?"

"Naelewa. Lakini sikuja kumtaka kwa kuwa tumeshazoeana. Nimekuja kwa kuwa hatujazoeana. Tulikuwa tumezoeana, nikaugua. Na kila nikimwona ofisini kwa saa moja, adabu inazidi. Akifika miaka kumi atanivutia kiti na kuniuliza habari za safari. Mimi nataka anisukumie sahani, mheshimiwa. Hilo ndilo ninaloomba."

Shahnaz alikuwa akitazama sakafu.

Amri ilipotolewa haikuwa ile iliyokuwa karibu kuandikwa. Ulezi utabaki kwa Shahnaz kwa sasa. Mtoto atakwenda Tudor kwa mama yake kila Ijumaa mpaka Jumapili, na nusu ya kila likizo. Daktari wa Nyevu ataleta maelezo yake. Baada ya mwaka mmoja wote warudi, na afisa aende akatazame tena, nyumba zote mbili.

Nje, Truphosa alisimama na faili kifuani. "Nimeona wateja wanaoshindwa," alisema. "Sijaona anayejifunga bao akiwa anaongoza." Alikuwa amekasirika kwelikweli. Wakili akatembea hatua chache, akarudi. "Umekula wewe tangu asubuhi? Nenda ukale." Akaenda zake.

Shahnaz alikuwa akimngoja penye kivuli cha ukuta. Walisimama kama watu wanaongojea gari moja.

"Sikukuomba unisaidie," Shahnaz alisema.

"Sikukusaidia."

"Mwakani utakuja kumchukua."

"Nitakuja."

"Najua." Shahnaz akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, kwa nguvu, kama anayefuta meza. Kisha akaanza kusema haraka, bila kumtazama. "Usiku huamka kwenda haja. Usimwashie taa, hatalala tena, mshike mkono tu. Honi za meli haziogopi, ila blenda anaiogopa. Samaki umtolee miba mbele yake, aione kwa macho yake, la sivyo hali. Akinyamaza sana ana tumbo. Akiimba ana usingizi."

"Pole pole, wifi," Nyevu alisema. "Rudia hilo la samaki."

Shahnaz akamtazama. Kitu fulani kikapita usoni mwake, si urafiki, lakini si uadui pia. Akarudia, pole pole, na Nyevu akawa anasikiliza mambo ya mwanawe kutoka kinywani mwa mwanamke mwingine, akiyashika moja moja, akiona aibu, akitaka zaidi.

Ijumaa baada ya alasiri alifika Ndia Kuu. Areeba alikuwa tayari, nywele zimesukwa upya, mkoba wa madoadoa begani. Alibusu mkono. Shahnaz alikuwa nyuma ya meza akikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Haya, nenda na mama yako," alisema, na sauti yake haikukatika.

Walitembea kuelekea barabara kubwa, wakipishana na pikipiki na mikokoteni ya maji. Areeba alikuwa akiangalia chini, akiruka mifuniko ya mitaro.

"Anti, Jumapili utanirudisha saa ngapi?"

"Baada ya alasiri, kama sasa."

"Na nikitaka kurudi kesho?"

Kulikuwa na jawabu ambalo kila mtu humpa mtoto, kuwa tutaona, kuwa tutarudi sasa hivi. Nyevu alilihisi likimjia mdomoni. "Kesho haturudi," alisema. "Mpaka Jumapili."

Mtoto akaruka mfuniko mwingine, kisha mwingine.

"Nikilia?"

"Ulie."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu unazotaka. Majirani wa Tudor wana redio kubwa, hawatasikia."

Areeba aliinua uso kuona kama huo ni mzaha au si mzaha. Hakutabasamu, lakini alimtazama muda mrefu zaidi kuliko alivyowahi kumtazama, kwa kumchunguza, bila haya. Tuktuk ikasimama. Akapanda yeye kwanza, akauweka mkoba katikati ya kiti, baina yake na Nyevu, akaukumbatia kwa mikono miwili.

"Wapi, mama?" dereva akauliza.

"Tudor."

Mkoba ulikuwa umejaa, umemwachia Nyevu nafasi ndogo tu ya kukaa upande upande. Akaketi hivyohivyo, akauacha pale ulipo.